Binti Yangu Anauliza Badala ya Kujenga

Yustina Sylvester (Mama Advera),
Nyuma ya kanisa,
Cheyo, Tabora.

Kwa Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Ufundi Nyota ya Mbali.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: OMBI LA KUMFUTIA BINTI YANGU SOMO LA KUPANGA KABLA YA KUJENGA

Kwanza heshima. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi mimi, basi wewe ndiye unayetakiwa kuniamkia, nami nakuitikia hapa hapa kabisa, marahaba mwanangu, tusipoteze muda.

Mimi ndiye mama yake Advera, yule msichana mrefu aliyesomea ufundi wa mitambo hapo kwako, aliyepewa zawadi siku ya mahafali, na mama yake akapiga vigelegele mpaka mpiga picha akamwomba apunguze. Ndiye mimi. Nilivaa kitenge cha bluu. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini darasa la saba la enzi zile, siyo hili la siku hizi, kwa hiyo barua hii nimeiandika kwa mkono wangu na hakuna mtu aliyenisahihisha.

Nianze kwa kukupongeza. Mtoto mlimpokea ana akili, mkamrudisha ana akili zaidi. Ila mmemrudisha na ugonjwa. Hajengi kitu. Anauliza.

Jambo lenyewe liko hivi. Mimi nimeolewa Cheyo lakini nimezaliwa Kigwa, na mizinga yangu ya nyuki iko msitu wa Kigwa mpaka leo. Sisi akina mama wa huko tuna kikundi chetu cha asali, kinaitwa Tupendane. Mizinga yetu ni ya magogo, inaning'inia juu ya miti mirefu, na kwa desturi ya kwetu mwanamke hapandi mti. Anapanda mwanamume, mwanamke anasubiri chini na ndoo. Basi tukaamua kutafuta chombo cha kushusha mizinga ili tujirinie wenyewe asali yetu. Hapo nikasimama mkutanoni nikasema, jamani, msihangaike, chombo kinakuja na Advera wangu. Wakapiga makofi. Asiyepiga ni Flavia peke yake, mwanakikundi mwenzangu ninayekaa naye jirani hapa Cheyo, maana naye ana kijana wake Samweli, fundi wa pikipiki pale Gongoni, aliyejifunza ufundi kwa kutazama simu.

Jumapili hii baada ya misa kikundi kinakaa kuchagua kazi apewe nani, Advera au Samweli. Na Advera ameshasema akiikosa anakwenda Dar es Salaam kuuza vioo vya simu dukani kwa rafiki yake. Mkuu, watoto wa kiume ninao na nawapenda, lakini binti ni huyo mmoja. Sikumsomesha mitambo akauze vioo. Nataka nikiamka asubuhi nimsikie anagonga chuma hapo uani, majirani walalamike, nami nijibu kwamba huyo ni mwanangu anafanya kazi. Ndiyo sababu nakuandikia uingilie kati kabla ya Jumapili.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. ANAULIZA KILA MTU. Siku aliporudi nilikwenda kumpokea stesheni na toroli la kukodi, kwa ajili ya kubebea vyuma vyake. Akashuka na begi la mgongoni na mkeka. Nikamwambia mwenye toroli abebe begi hivyo hivyo, watu walikuwa wanatazama. Kesho yake nikajua sasa kazi inaanza. Ikaanza kweli. Alikwenda Kigwa akakaa na akina mama mmoja mmoja: mnakwenda msituni saa ngapi, mti una unene gani, mzinga ukijaa una uzito gani, nani anashika moshi, nyuki wanakerwa na nini. Hata mimi mama yake mzazi kaniuliza, "Mama, wewe huwa unafanyaje?" Nimemlea miaka yote hiyo, leo hajui nafanyaje!

Akafika kwa Bibi Minza, mkongwe wetu kuliko wote. Akamuuliza, "Bibi, ukipata hicho chombo, kitu gani unataka kikufanyie?" Bibi Minza akasema, "Mjukuu wangu, nina mizinga tangu sijaolewa. Sijawahi kuona ndani ya mzinga wangu." Maana anayepanda ndiye anayeona. Anakata huko huko juu, anakushushia anachokushushia, anakwambia bibi, mwaka huu nusu tu. Bibi Minza akatoa machozi. Sasa niambie Mkuu, ni somo gani hili la kuwaliza vikongwe waliokuwa wamekaa zao salama? Tangu siku hiyo vijana wapanda miti wa Kigwa wakituona wanabadili njia.

2. AMENIBEBESHA GOGO HADHARANI. Aliniomba nivute mzinga mtupu kwa kamba hapo uani, eti aone mwanamke wa umri wangu anachoka wapi. Nimevuta. Nimevuta mchana kweupe, jasho linanitoka, mwanangu ameketi kwenye ndoo ananitazama kama refa. "Mama, pumzika. Sasa rudia na mkono wa kushoto." Mke wa jirani akapaza sauti kwenye ua, "Mama Advera, mmekuwa punda siku hizi?" Nikamjibu kwamba haya ni mazoezi ya daktari. Umenifanya niseme uongo, Mkuu, na mimi ni mzee wa jumuiya.

3. AMEJENGA MASHINE YA MABUA. Kuna siku nilisikia amefunga mlango anakatakata kitu. Moyo ukaruka! Nikakimbia kumwita Flavia, maana furaha ya peke yako haina ladha. Tumeingia tumekuta juu ya meza mti wa mabua ya mtama, umening'iniza kigogo kama kidole, kimefungwa uzi wa kushonea. Advera akauachia uzi, kigogo kikaanguka, mti ukavunjika katikati. Nikajua atalia. Alicheka huyo! "Vizuri sana," akasema, "afadhali umevunjikia hapa mezani." Flavia akaniangalia. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Hongera mwenzangu. Kanajua kucheza."

4. Sasa nikueleze kazi inavyotakiwa kufanywa, maana mfano tunao. Samweli hakuuliza mtu. Alichukua injini ya pikipiki kuukuu akaifunga kwenye fremu ya chuma, akazungushia waya mnene, akaipaka rangi nyekundu, akaandika ubavuni MKOMBOZI WA MAMA. Wiki ilianza hakuna kitu, wiki iliisha mashine ipo na kadi za mwaliko zipo.

Uzinduzi ukafanyika Kigwa, chini kabisa ya mti wenye mzinga wa Flavia, jua la saa saba, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari jioni. Mgeni rasmi ni Bwana Mfaume mwenye duka la vipuri pale Gongoni. Kulikuwa na turubai, spika, ngoma, pilau, na utepe. Sisi akina mama tulivaa sare mpya na kujipulizia marashi mpaka hewa ikawa nzito. Najua utasema, nyie si watu wa nyuki? Ndiyo, tena tangu tumboni. Hata mtoto wa Kigwa anajua kwamba kwenye nyuki unakwenda jioni, kimya, bila manukato. Lakini hiyo ni wakati wa kurina. Sisi hatukwenda kurina, tulikwenda kwenye uzinduzi. Nadhani nyuki hawakuelezwa tofauti.

Advera alikuwa amemfuata Samweli mapema akamuuliza, "Umeshawahi kuwasha injini karibu na mzinga?"

"Dada, nyuki watazoea."

"Watazoea lini?"

"Wakishazoea."

Hilo mimi naliita jibu la fundi anayejiamini.

Injini ikawashwa. Nashuhudia mbele ya Mungu kwamba mzinga ulianza kushuka, tena vizuri, tukapiga vigelegele. Halafu ukaanza kutetemeka pamoja na injini. Bwana Mfaume alikuwa anasema "nyuki ni rafiki wa maende", na "leo" hatukuisikia mpaka leo. Katekista Mathias, aliyepangiwa sala ya kufunga, aliianza mapema huku anakimbia. Mpiga ngoma alijivika ngoma yake kichwani, akaenda hivyo hivyo bila kuona, akakutana na sufuria la pilau. Mwenyekiti wetu Apolinaria ana goti bovu, kwenye mikutano tunamshika mkono kumwinua. Alinipita, Mkuu, alinipita kama treni isiyosimama Kigwa. Flavia aliingia chini ya meza ya soda. Mimi nilikimbia kwa heshima yangu, kiatu kimoja kilikataa kufuata.

Mashine ikabaki peke yake inanguruma, maana swichi ya kuizima Samweli aliiweka vizuri kabisa chini ya mzinga. Ilinguruma mpaka mafuta yakaisha yenyewe jioni, wakati ambao nyuki hupenda utulivu.

Lakini sikiliza hoja yangu, Mkuu. Watu waliona kitu! Kulikuwa na chuma, na rangi, na moshi. Tulivimba ndiyo, lakini uvimbe si unapungua? Mpaka leo ukienda Gongoni wanauzungumza uzinduzi ule. Nani anazungumza mabua ya mwanangu? Na Samweli hakukata tamaa. Ameahidi Jumapili kuleta wazo la injini kubwa zaidi, ili kazi iishe kabla nyuki hawajagundua. Huyo ndiye Advera anashindana naye, kwa uzi wa kushonea!

5. Hili la tano lilikuwa zito kuliko yote ila limenitoka. Nitaliandika likinirudia.

6. AMEMWAMBUKIZA BABA YAKE. Mume wangu Sylvester alikuwa mtu mzuri, asiye na maswali. Nyumba yetu hii ya Cheyo tuliijenga bila mchoro wowote, tulikuwa tunaongeza chumba Mungu akijalia, na imesimama imara. Kwenda jikoni lazima upite chumba cha wageni, lakini wageni wetu wamezoea kuamka mapema. Kitanda chetu fundi alikiundia humo humo chumbani na hakiwezi kutoka mlangoni, lakini kinatoka kwenda wapi? Sasa baba huyu anataka kuchimba choo kipya, na badala ya kuchimba anasimama uani kila jioni ameinua unyoya wa kuku. Namuuliza, Baba Advera, unafanya nini? "Nasikiliza upepo unaelekea wapi." Amefundishwa na binti yake. Majirani wanafikiri nimemloga, na mimi sijui hata kuloga.

7. ANAVUNJA MILA ZETU. Sisi hapa Unyanyembe ni watu wa njia kuu ya misafara, na babu yake babu wa mume wangu alitembea Tabora mpaka pwani na kurudi, akipita Kigwa hapo hapo. Je, wale wazee walikaa wakachora picha za mabua? Mnyamwezi alijitwisha mzigo akaondoka! Nilipomsomea mume wangu hoja hii akakohoa. Akasema mzee yule hakuwahi kubeba mzigo. Yeye alikuwa anatangulizwa mbele, msafara haujaondoka, akaulize kijiji gani kina maji, wapi chakula kimekwisha, mtemi gani ana hasira.

Nikamwambia, "Yaani kazi yake ilikuwa kuuliza?"

"Ndiyo."

"Na mzigo?"

"Mzigo walibeba waliofika salama kwa sababu yake."

Nimemtuma akaangalie mbuzi. Hoja hii naiacha kama ilivyo, wewe chukua ile sehemu ya kujitwisha.

8. NA MWISHO WA YOTE, HAKUNA MASHINE. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Baada ya maswali yote yale, baada ya mimi kuwa punda, Advera ameniletea jibu. Unajua ni nini? Kamba. Kamba nzuri, na kigurudumu cha kupitishia kamba, mafundi wanakiita kapi, na kipande cha mti mgumu cha kuzungushia kamba ili mzinga usikuponyoke. Mpanda mti anaifunga kapi juu mara moja tu, basi. Wanawake wawili wanashusha mzinga mzima jioni polepole, kimya, wanaufungua wenyewe chini. Haiwaki, hailii, haitoi moshi. Nikamwambia, mwanangu, hata rangi? "Mama, rangi inanuka, nyuki hawapendi." Sasa mgeni rasmi atakata utepe gani, Mkuu? Tutamwambia karibu uzindue kamba? Mchumba akija kuuliza binti amejenga nini, nimwonyeshe fundo?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mambo haya. Uandike barua yenye mhuri, umwambie Advera kwamba lile somo la kupanga lilifundishwa kwa makosa na limefutwa. Umwagize ajenge kitu kikubwa kabla ya Jumapili, chochote, hata kisipofanya kazi, mradi kiwake. Na kwenye cheti chake palipoandikwa "ubunifu na upangaji" paandikwe "injini". Ukifanya hivyo mwanangu atapata kazi, atakaa nyumbani, na mimi nitakuombea kila siku hata kama wewe ni wa dhehebu lingine.

Nisalimie walimu wote, hasa yule mwembamba aliyesema Advera atafika mbali (hakusema Dar es Salaam). Nisalimie mpishi wa mahafali, mwambie wali ulikuwa mzuri ila chumvi. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenipa kiti chake. Huku wote wazima, mbuzi wazima, Baba Advera mzima na unyoya wake. Kwa salamu ya kwetu, mwangaluka nyote.

Ni mimi niliyekasirika kwa mapenzi mema,

Yustina Sylvester
(Mama Advera)

Nyongeza: Barua hii haikuondoka Ijumaa kama nilivyokusudia. Nilinunua bahasha kabla ya kupima karatasi, ikakataa kuingia. Kufika siku ya kupata bahasha kubwa, Jumapili imekwishapita.

Kwenye mkutano Samweli alieleza injini yake mpya. Akina mama wakawa wanajipapasa mikono, kila mmoja pale palipovimba. Advera yeye hakueleza kitu, alituomba tu twende msituni jua likizama, bila marashi. Tukaenda kwenye mti wa Bibi Minza. Kapi alishamtuma kijana mmoja akaifunga juu. Akanipa kamba mimi na Bibi Minza mwenyewe, na ujue nilishika kamba ile kwa ufundi, maana mkono wa kushoto nilishaufanyisha mazoezi. Mzinga ukashuka kama mtu anayeshuka kitandani asimwamshe mwenzake. Moshi kidogo. Bibi Minza akapiga magoti, akafungua mfuniko, akachungulia. 

Apolinaria akamuuliza, "Bibi, unaona nini?"

Akasema, "Naona kwangu."

Halafu akainua uso akasema, "Na hii ndiyo nusu yao? Imejaa mpaka mlangoni!" Tukacheka mpaka Advera akatunyamazisha kwa ajili ya nyuki. Kura haikupigwa. Mikono yote ilikuwa na asali, hapakuwa na wa kunyoosha.

Advera haendi Dar es Salaam. Wenzetu wa asali wa Nzega nao wamepiga simu, wanamtaka akawaulize maswali. Hapo uani hagongi chuma, kuna kimya, na majirani wakiuliza nawaambia kwamba huyo ni mwanangu anafikiri. Tabia hiyo ya kuuliza kairithi kwangu, ukiulizwa useme hivyo.

Kwa hiyo malalamiko yote uyaone kama hayakuandikwa, ubakishe pongezi. Ningeichana barua lakini mwandiko umenikaa vizuri mno. Chupa ya asali niliyoituma pamoja na barua hii ni ya kutoka mzinga wa Bibi Minza. Na kama una nafasi kwenye somo lile, mpokee Samweli, jioni ile alimwuliza Advera, "Dada, hiyo kamba inapitaje?" na mama yake, yaani Flavia, anasema ni swali lake la kwanza tangu azaliwe. Yuko njiani. Tumemwambia aulize kwanza chuo kiko wapi.

Lile la tano nimelikumbuka. Lilikuwa kwamba Advera alinishauri nipange hoja zangu pembeni kabla ya kuanza kuandika, nisije nikasahau mojawapo. Nilikataa.